Maua Yaliyozuia Mkono wa Shangazi

Katika ukoo wa binti ninayemsimulia hapa, bibi harusi hatolewi ovyo kama sahani ya sombe, kisamvu chetu. Siku ya mahari anafunikwa vikwembe, yaani vitenge, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, na kabla yake wanatangulizwa wengine waliofunikwa vilevile: dada yake, jirani, mara nyingine bibi kizee asiye na jino hata la kusingizia. Watu wa upande wa bwana harusi wanakodoa macho, wanachekwa, wanakataa: siye huyu, rudisheni. Akipita mwenyewe, shangazi wa bwana harusi anasimama, anashika ncha ya kikwembe na kukifunua kwa mkono wake. Kukataa ni kwa mdomo, hata mlevi anaweza. Kuchukua ni kwa mkono. Na binti akishatoka mbele ya watu, akarudi ndani bila kuguswa, basi siku imekufa, kila mtu abebe kiti chake aende kwao.

Mwaka ule mkono wenyewe ulikuwa mbali.

Bwana harusi alikuwa mtoto wa mzee mmoja wa Kivu ya Kaskazini, muuza maharagwe na vitunguu kwa jumla hapa Lubumbashi, mtaani kwetu Kenya (mtaa, si nchi), mwenye malori mawili na sauti ya malori manne. Mama wa kijana alifariki zamani, kijana akalelewa kule mashariki na shangazi yake. Sasa mashariki kulikuwa kumewaka. Mji aliokaa shangazi ulikuwa umeanguka, uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, na barabara ya malori imekatwakatwa vipande, kila kipande na bwana wake mwenye bunduki. Sisi huku vita tuliiona kwa njia nyingine: kila Jumapili kanisani sura mpya zenye vumbi la safari, na maharagwe yalipanda bei hadi tukawa tunayaamkia kabla ya kuyapika. Lakini watu huoana hata paa likiwaka. Pengine ndipo wanapoharakisha zaidi.

Baba wa bwana harusi alipendekeza shangazi mwingine, wa hapa hapa. Upande wa binti, watu wa Lubumbashi tangu mgodi ungali shimo la sungura, mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba akakataa bila hata kuweka chini kikombe chake cha munkoyo, togwa ya mahindi.

"Ule mama njo alimulea mutoto," akasema. "Mukono ni yake. Ao tungoje njia ifunguke."

Tungoje! Amani haina kalenda. Bwana harusi alikuwa ameshangoja hadi mkanda wake ukawa unamzunguka mara mbili, na binti, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa, alikuwa ameanza kukonda kwa kumwonea huruma.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na cheti changu cha kompyuta. Nilikipata shule ya jioni, chumba kilichokuwa juu ya karakana ya wachomeleaji. Umeme ukikatika sisi hatukwenda nyumbani. Wale wa chini walikuwa na jenereta, tukasomea cheche zao kupitia nyufa za sakafu. Aliyehitimu pale angeweza kutengeneza ukurasa wa wavuti akiwa ndani ya tanuri. Nikasimama mbele ya koo mbili nikatangaza kwamba nitaijenga harusi ndani ya simu. Shangazi kule aliko atafungua ukurasa wangu, atawaona wasichana wakipita mmoja mmoja, na chini ya picha kutakuwa na kitufe cha kijani. Akimtambua bibi harusi atakibonyeza, kengele italia huku uani kwenye spika, na mama mdogo wa binti atafunua kikwembe kwa niaba yake.

"Simu ya kawaida haitoshe?" akauliza dereva mmoja wa malori ya mzee, mtu aliyezoea kubishana na vizuizi vyote vya nchi hii.

"Simu ni mudomo," akajibu mjomba. Kisha akakitazama kidole chake mwenyewe muda mrefu, kama mtu anayetaka kukinunua. "Kidole iko ku mukono. Sawa. Lakini sikiya, Bwana Kompyuta: kengele isipolia, hakuna mukono. Nisisikie ati network, ati nini."

Nikakubali. Mimi siku zile nilikuwa nakubali kila kitu.

Ukurasa nikaupamba. Baba wa bwana harusi alikuja mwenyewe kusimama nyuma ya kiti changu. "Weka maua mingi, bwana. Bantu basiseme tulioesha mutoto mu vita kama bakimbizi." Nikatafuta shada kubwa la waridi, limezunguka ukurasa mzima, katikati yake wazi kama kioo ili picha ionekane. Sanduku la picha nalo nikalifanya lijitokeze polepole, likiwa hafifu kwanza, kisha linakolea, kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi. Mbele ya kompyuta yangu kulikuwa na uzuri wa kumliza afisa wa forodha.

Sasa lazima nieleze jambo moja la ufundi, na asiyependa ufundi anivumilie kwa urefu wa pumzi moja. Vitu vya ukurasa havikai ubavu kwa ubavu tu; vinalaliana kama mablanketi kitandani. Kila kimoja unaweza kukipa namba, sisi shuleni tukiiita zed-endeksi, na mwenye namba kubwa analala juu. Mwenye namba ndogo anafunikwa. Basi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyoamini, mpaka siku ile.

Siku yenyewe tulikusanyika kwa akina binti, mtaa wa Annexe, uani kwao, mahindi yakiwa yamesimama kando kama waalikwa wasio na viti. Mahema yalikuwa mawili. La mbele la ukoo wa binti, lenye viti vyenye mito. La nyuma la ukoo wa bwana harusi, maana mgeni hasogei mbele kabla ya kupokewa. Mimi niliwekwa katikati, kompyuta juu ya kreti la bia, spika miguuni.

Mchana jua likiwa utosini shangazi akatokea kwenye skrini. Alikuwa amekaa sebuleni kwa jirani yake mwenye sahani ya umeme wa jua juu ya paa, kilemba kimefungwa kwa ustadi, kikwembe kipya mabegani. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

"Muko bazima?" akauliza.

"Tuko bazima, mama! Na weye?"

"Tunapumua," akasema, akacheka kidogo, na hakuna aliyemwuliza zaidi.

Nikasema tujaribu kabla hatujaanza. "Shangazi, mufinye kidogo ile kitufe ya kijani."

"Minafinya."

Jogoo mmoja tu alijibu.

"Mufinye tena, shangazi."

"Mwana wangu, niko nafinya. Minaiona, ile ya kijani, iko hapa chini ya kidole yangu. Ao ni mafuta? Ngoja ninawe." Akaondoka, tukasikia maji yakimwagwa, akarudi akijipangusa. Akafinya. Hakuna. Akajaribu kidole cha kati, akajaribu cha mkono wa kushoto, akiomba radhi kwanza kwa sababu ni wa kushoto.

Nikachukua simu ya mtu, nikafungua ukurasa wangu. Kweli. Kwenye skrini nyembamba ya simu shada la waridi lilikuwa limetanda hadi chini. Kitufe kilionekana vizuri kabisa kupitia katikati ya shada, ile sehemu ya kioo, lakini kidole hakikukifikia. Jicho linapita kwenye kioo, kidole hakipiti. Shangazi wa watu alikuwa anabonyeza maua.

Nikacheka kwa kujiamini. Kumbe ni hili tu! Kitufe kilikuwa na namba tano, maua kumi. Nikakipa kitufe tisini na tisa. Nikatuma, shangazi akafungua upya, akafinya. Hakuna. Nikakipa mia tisa tisini na tisa. Hakuna. Nikaanza kumwaga tisa kama mtu anayepanda mahindi. Tisa zilivuka ukingo wa mstari, zikaendelea, kama si skrini kuisha zingefika mji wa Likasi. Kitufe changu kilikuwa na namba kubwa kuliko deni la taifa, na bado kilikuwa chini ya waridi.

"Bwana Kompyuta," mjomba akaniita kutoka kwenye mto wake, "tuanze ao turudie shambani?"

"Tuanze, mzee, tuanze!" nikasema. Kisha nikamkimbilia mama mdogo wa binti, ambaye ndiye aliyekuwa anawafunika na kuwatoa wale wa uongo. "Mama, batume polepole. Batume bengi."

"Niko na babili tu."

"Tafuta wengine. Funika hata ukuta."

Akanielewa kwa kunitazama usoni, na nadhani uso wangu ulikuwa na rangi ya bukari, ugali wetu mweupe. Akatoka wa kwanza, dada wa binti, akitembea kwa madaha ya kupitiliza. "Siye!" shangazi akasema kwenye spika. "Ule anatembea kama eko na haraka ya kula." Akarudishwa na zawadi ya kipande cha sabuni, kama desturi. Akatoka wa pili, bibi kizee, akacheza mpaka kikwembe kikaanguka chenyewe, watu wakaanguka pia. Mimi natumia muda huo kuongeza tisa. Kisha mama mdogo, mwanamke wa akili nyingi, akamtoa wa tatu: mtu mrefu, mabega mapana, anainama ili asiguse turubai la hema. Alikuwa fundi mwashi jirani, mwenye masharubu ya kufagilia uwanja, lakini hayo yalikuwa ndani. Nje ilionekana miguu tu.

Shangazi akasogeza uso hadi pua yake ikajaa skrini yote. "Eh! Ule iko na ndevu ku miguu! Murudishe, tutamutafutia bwana ku jeshi!"

Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Baba wa bwana harusi, ndugu yake, hakucheka. Alikuwa anamtazama tu anavyocheka, akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miezi mingi hakuwa amelisikia cheko lile.

Lakini mtandao wa kule ulikuwa unakuja adhuhuri na kuondoka bila kuaga. Picha yake ikaanza kukwama, mdomo ukibaki wazi. Sauti ikaja kwa vipande. "Mwana wangu... iko naanza kwenda. Nikifunga tena... siyue kama itafunguka."

Maana yake ilikuwa wazi hata kwa jogoo: nilikuwa na jaribio moja tu. Na mjomba alikuwa ameshawaambia wasichana wamlete binti mwenyewe, maana vikwembe viwili na jua lile vingemwivisha.

Ni hapo dereva wa malori alipochoka. Akapanda juu ya kiti kule hema la nyuma, akapaza ile sauti ya vizuizini: "Mjomba! Mama tunamuona, anatuona, mutoto ni yetu! Mumutoshe tu!"

Mjomba hakugeuka. "Nani anasema?"

"Ni miye!"

"Uko wapi?"

"Huku! Juu ya kiti!"

"Ata uweke kiti juu ya kiti, na juu yake uweke meza, uko tu mu hema ya nyuma," mjomba akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto wake. "Si weye njo uko mufupi. Ni hema yenu njo haiyafika mbele. Mukubwa wenu akisogeza hema, nitakusikia ata ukinong'ona."

Watu wakacheka, dereva akashuka, na mimi kidole changu kikabaki hewani juu ya tisa.

Ndugu zangu, niliona ukurasa wangu wote umekaa pale uani. Kitufe kilikuwa ndani ya sanduku la picha. Na lile sanduku, kwa vile nilitaka lijitokeze kwa madaha ya ukungu, mashine ilikuwa imelihesabu kuwa hema lenye mlango wake. Waliomo ndani wanashindana namba wao kwa wao. Nje, mashine haiulizi namba ya mtu, inauliza namba ya hema. Hema langu lilikuwa na moja. Maua yalikuwa na kumi. Ningekipa kitufe tisa zote za dunia, kingebaki dereva juu ya kiti.

Nikafuta tisa zote. Kitufe nikakipa mbili, inakitosha. Sanduku zima nikalipa kumi na moja, nikatuma, nikaitazama kompyuta yangu: sanduku likapanda mbele na waridi likateleza nyuma yake, likabaki majani mawili pembeni.

"Maua yangu iko naenda wapi?" baba wa bwana harusi akalalamika.

"Imekaa nyuma, mzee."

"Nyuma? Ata maua?"

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Mufunge, mufungue tena! Sasa hivi!"

"Nikifunga..."

"Mufunge, mama!"

Skrini ikawa nyeusi. Duara dogo likaanza kuzunguka, na wakati huohuo mlango wa nyumba ukafunguka.

Binti akatoka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ndiye. Wale wa uongo walitembea kwa kujionyesha, huyu alitembea kama mtu anayebeba maji. Akafika katikati ya mahema, akasimama. Duara linazunguka. Bwana harusi kule nyuma aliacha kupumua kabisa, nadhani hadi leo hajalipa zile pumzi. Mama mdogo alisimama kando, mikono tayari, hana ruhusa ya kugusa. Akajifanya anamnyoosha binti kikwembe begani bila kukigusa. Akajifanya kuna mdudu. Nikawasikia kuku wakifikiri.

Mjomba akakohoa, akainuka. Uso wake haukuwa na furaha. Nadhani hata yeye angependa duara liache kuzunguka. "Basi," akaanza, "mutoto arudi..."

"Niko! Niko!"

Kwanza ilikuja sauti, kisha kilemba, kisha pua. "Eko wapi? Mutoshe kichwa yenu mbele, sione! Eh." Alikuwa amemwona yule aliyefunikwa. Akamtazama, sisi tukamtazama yeye. Na chini ya vikwembe viwili, kwa vumbi, kwa jua, au kwa werevu wa wasomi wa Kasapa, binti akakohoa.

"Ile kikoozi," shangazi akasema taratibu, "minaiyua. Kila nikipiga simu anakoholea mu masikio yangu." Akainua mkono wake, akatuonyesha kwanza, kiganja chote, kama shahidi. Kisha akakishusha kidole.

Nilikuwa nimechagua kengele ya kanisa kuu, na kwa hofu nilikuwa nimefungua spika hadi mwisho. Kengele ililia mpaka mahindi yakalala upande mmoja. Mbwa wa Annexe yote waliingia chini ya vitanda. Kikwembe cha kwanza kikafunuliwa, kengele, cha pili kikafunuliwa, kengele, na binti akatokea akiwa amelowa jasho na anacheka kwa meno yote. Vigelegele vilifika Kasapa; naambiwa profesa mmoja alisimamisha somo.

Mjomba alingoja mpaka kelele zikapungua. Akaenda mwenyewe mbele ya kompyuta, akavua kofia. "Mama," akasema, "mukono yako imefika. Mutoto ni yako." Halafu akageukia hema la nyuma na kuwapungia, "Kuyeni mbele. Mubebe na viti."

Wakaja mbio, dereva wa kwanza.

Tulikula. Shangazi akataka kompyuta igeuzwe aone kama bukari ni la kutosha, akalipitisha. Akataka kuona sombe, akasema limekosa mafuta ya mawese, wapishi wakamjibu aje apike yeye. Binti aliwekwa karibu na skrini, na kila alipotia tonge mdomoni kengele ililia.

"Ule mama anafinya tena?" mjomba akauliza, mkono umefika nusu ya njia kwenda kinywani. "Tulishamupa! Anataka wa pili?"

"Mumuache," baba wa bwana harusi akasema. "Kule eko, hakuna kintu ingine inamusikia."

Basi tukala na kengele. Watoto wakaanza kuicheza, mwashi mwenye masharubu akajiunga nao, bado amejifunga kikwembe kiunoni. Picha ilikuwa imekwama zamani, shangazi amebaki na tabasamu la kando, lakini kengele ilikuwa inakuja, mara mbili mfululizo, mara moja, kisha inapumzika, kisha tena.

Halafu ikakaa kimya. Binti akaacha kutafuna. Bwana harusi akaweka kijiko chini. Wote wakanitazama mimi kana kwamba mtandao wa mashariki ni mali yangu, na mimi nikaitazama kompyuta, na hata mwashi akasimama mguu mmoja hewani.

Ikalia.

"Pitisha nyama," mjomba akasema, na mwashi akashusha mguu.